Mkono wa Mchanja

Mpangaji wangu wa chumba cha uani alikuwa mchanja, mtu wa kudunga chanjo. Mtaani walimwita Mzee Sindano, na watoto walimkimbia hata alipokwenda kununua sabuni tu. Mkewe alishafariki, wanawe wako mbali. Jioni alikuja kibandani kwangu ninapouza vyombo vilivyotumika, akashika hiki na kile, asinunue. Sikumfukuza, anayeshikashika huvuta wanunuzi.

Ujanani alichanja ndui kwa sindano yenye ncha mbili kama uma, akidonoadonoa bega mpaka damu ichungulie. Kisha yakaja mabomba ya sindano ya kioo, ya kuchemshwa sufuriani na kutumika tena na tena. Kabla ya kuvuta dawa, sharti ulivute bomba na kulisukuma likiwa tupu, uone kama linateleza. Mpaka leo watu wazima wakimwona hushika bega: "Wewe ndiye uliyenitoboa." Hizo ndizo salamu alizobaki nazo.

Mwaka huu zahanati ikapungukiwa watu, ikamwita kwa majaribio. Alinyoa ndevu, na hakuwa mtu wa kunyoa.

Muuguzi mkuu akamwonyesha bomba la plastiki. "Baba, hili ni la mara moja. Ukivuta ukasukuma, limejifunga. Usilijaribu likiwa tupu."

"Nimekuelewa, sista."

Mtoto wa kwanza akaletwa. Mkono wa mzee ukavuta, ukasukuma hewa, bomba likajifunga. La pili, vilevile. La tatu, mama wa mtoto akamwuliza, "Mzee, unachanja au unajaza baiskeli upepo?"

Foleni ikacheka. Muuguzi hakucheka, alimhamishia kwenye meza ya matone ya polio.

Jioni akanisimulia, birika langu bovu mkononi.

"Matone mawili mdomoni, basi. Mtoto halii, hata hanitazami."

"Si ndiyo nafuu? Ulitaka wakulilie?"

"Akilia unambembeleza. Akikua anakukumbuka."

Mimi sipambi maneno. Nikamwambia bidhaa ikikosa soko huibebi kichwani mpaka kaburini. Bomba lao ni bora, halimpi mtu ugonjwa wa mwenzake.

"Kichwa kinajua," akasema. "Mkono ndio haujui."

"Basi kesho utabaki nyumbani?"

"Na nani?"

Asubuhi alipita mbele ya kibanda, shati limepigwa pasi, akaenda kwenye matone yake.