Benchi Lenye Alama ya Pembe

Donatille hakujua kukasirika polepole. Tangu arudi kijijini Kibati kutoka kambi ya wakimbizi, aliyepita karibu na kibanda chake alisikia jina la jirani yake Bibiche likipondwa kinuni pamoja na sombe, majani ya muhogo.

Kisa kilikuwa benchi. Parokia yao ndogo ilijengwa kwa mawe ya volkano, na watu wenyewe ndio walioyabeba mgongoni siku za salongo, kazi ya pamoja ya kijiji. Kanisa lilipokwisha, kila shirika, yaani majirani wanaosali pamoja na kuzikana, lilileta benchi lake. La shirika lao lilichongwa na marehemu Dieudonné, mume wa Donatille, fundi wa chukudu, baiskeli za mbao za kubebea mizigo. Kwao Masisi walikuwa wafugaji. Ng'ombe waliishia vitani, kikabaki chuma cha kuwatia alama. Dieudonné alikipasha moto, akachoma alama ya pembe kwenye ubao. Nyumba ilibomoka, picha zikapotea. Mkewe hakubakiwa na kitu kingine cha mkono wake.

Vita vilipokaribia Kibati, watu walikimbia. Walibaki wachache tu, akiwemo Bibiche mwenye nyonga mbovu, na mama mzazi wa Donatille, kikongwe aliyegoma kubebwa. Kikongwe akafa. Donatille alipata habari akiwa kambini, kwamba majirani wamemzika.

Aliporudi, mabenchi ya wengine yalikuwepo. La kwao halikuonekana, na kila Jumapili shirika lao liliketi sakafuni. Nani alibaki? Bibiche. Nani alihitaji kuni? Haya!

Ndiyo maana baada ya misa alisimama mbele ya shirika zima, akadai Bibiche afukuzwe. Akifukuzwa, akiugua hatatembelewa, akifa hatazikwa na mtu. Donatille alilijua hilo vizuri, na bado alidai.

"Mutu wa kupikia maharagi na kiti ya kanisa! Tutasali naye namna gani?"

Harelimana, mkubwa wa shirika, alikohoa. "Mama Bibiche, jibu. Benchi iko wapi?"

"Iko mu udongo," alisema Bibiche, bila kuinuka. "Mama Donatille, mama yako alikufa. Mbao haikukuwa, fundi hakukuwa. Ningemuzika mu shuka, kama mutu asiye na watu? Nilivunja benchi, nikagonga misumari miye mwenyewe. Ile pembe ya bwana yako niliiweka upande ya kichwa yake."

Donatille alihisi uso ukimwaka moto.

"Na sababu gani haukusema?"

"Ulinisalimia na matusi. Haukuniuliza hata siku moja mama yako alizikwa namna gani."

Ilikuwa kweli, na ukweli huo ulimkasirisha kuliko benchi. Alikuwa ameogopa kuuliza. Aliyemwacha mama yake nyuma ni yeye. Miezi yote hiyo alimtukana mwenzake kwa sababu kutukana kulikuwa rahisi zaidi.

"Basi, mama," alisema Harelimana, "tumufukuze ao tumuache?"

"Papa Harelimana, nyamaza!" Sauti ya Donatille iligonga mawe. "Mwenye kufukuzwa ni miye!"

Akavuka sakafu mpaka alipoketi Bibiche, akasimama mbele yake na hasira ambayo sasa haikuwa na pa kwenda.

Bibiche alivuta mguu wake mbovu kwa mikono miwili, ikapatikana nafasi ya mtu mmoja.