Sahihi za Kabla ya Wakati

Kila asubuhi, kabla ya kuingia chumba chochote cha wodi, muuguzi mkuu husimama kizingitini, hugonga fremu ya mlango mara mbili kwa kidole, husema "hodi", kisha hungoja. Milango yenyewe haipo. Iling'olewa zamani ili mgonjwa asijifungie ndani, zikabaki fremu tupu na matundu ya bawaba. Mwingine angepita tu. Yeye hungoja aitikiwe, na asipoitikiwa huhesabu moyoni mpaka kumi, hupiga tena. Yuko mgonjwa mmoja anayemjibu kila siku, "Leo hatununui," naye humwambia basi atapita kesho, halafu anaingia. Kwa ajili hiyo wodi nzima, kuanzia wapishi hadi daktari, humwita Bi Hodi. Jina la kwenye beji yake wanalijua watu wa mishahara.

Hakuja wodi ya wagonjwa wa akili kwa kupenda. Miaka kumi na tisa iliyopita alikuwa wodi ya upasuaji, akambishia daktari mbele ya watu, na wiki iliyofuata akakabidhiwa barua ya uhamisho. Alijiambia atavumilia miezi mitatu. Mume wake, fundi wa majokofu, aliipokea habari kimya kimya, lakini mama mkwe alikuja juu: sare ile ivuliwe uani, isiingie ndani na mambo ya huko. Wifi zake nao, kila aliposahau chungu jikoni, walimtania kwamba wagonjwa wake wameshamwambukiza. Bi Hodi alicheka nao, akafua sare yake uani mwaka mzima, na miezi mitatu ilipokwisha hakuomba kuhama. Alisema kule upasuaji wagonjwa wengi walikuwa usingizini, huku wana maneno. Baadaye mama mkwe alifiwa na dada yake, akawa halali usiku, analia bila sababu. Wa kumwita pembeni na kumweleza yanayomsumbua, hakumchagua mwanawe hata mmoja, alimchagua mkwewe. Habari ya sare ikaishia hapo.

Kila mwaka chuo huleta wanafunzi wa uuguzi kwa mafunzo ya vitendo, wiki nne. Siku ya kwanza hutembea katikati kabisa ya korido, mikono mifukoni, kama watu wanaopita kwenye nyumba yenye mbwa. Wiki ya pili ikiisha utawakuta wanacheza karata na wagonjwa, na kufungwa. Kila mmoja ana daftari lenye orodha ya kazi anazotakiwa kuziweza. Muuguzi mkuu asipotia sahihi kwenye kazi fulani, mwanafunzi huirudia, na asiyemaliza kurudia hafanyi mtihani wa mwaka.

Safari hii walikuja sita. Mmoja alikuwa binti mfupi wa miwani, aliyezijua dawa zote kwa majina na vipimo lakini sauti yake hujaisikia. Wenzake walimwita Maktaba. Wiki nzima hakuuliza swali hata moja. Wagonjwa walimpenda kwa sababu hakuwakatiza, na Bi Hodi alimpenda vilevile, akamwamini upesi kuliko kawaida yake.

Wiki ya pili Maktaba alipangiwa kumwangalia mgonjwa mmoja, fundi saa. Huyu aliletwa na kaka yake baada ya kuingia katikati ya barabara kuu mchana kweupe na kusimama, magari yakimkwepa. Daktari aliagiza aonwe kila robo saa, mchana na usiku. Karatasi yake ina safu nne: saa, yuko wapi, anafanya nini, sahihi ya aliyemwona. Bi Hodi alimfundisha binti kwamba kumwona ni kwa macho, kusikia kikohozi chake hakutoshi, na kwamba kalamu hufuata macho.

Utaratibu unataka mwanafunzi awe na muuguzi kando yake. Siku hiyo muuguzi mmoja alikuwa anaumwa, na dirisha la dawa lilikuwa na foleni. Bi Hodi akamwacha Maktaba peke yake.

Tangu saa mbili asubuhi fundi saa hakusogea. Alikaa dirishani, pale koridoni, akiizungusha zungusha saa yake ya mkononi. Mpaka saa nne na nusu karatasi ilikuwa na mistari kumi na mmoja inayosema jambo moja: benchi la dirishani, ametulia. Ndipo mama mmoja wa chumba cha pili akamwomba binti amsaidie kuwaandikia wanawe barua, na mama huyo alikuwa hajasema neno kwa siku nne. Maktaba hakutaka kumkatisha katikati. Akajaza mistari miwili ya mbele, saa tano kasorobo na saa tano kamili, kwa maneno yale yale, akatia sahihi, akaenda kuandika barua.

Bi Hodi alipita akitoka kwenye dawa. Akaitazama karatasi, akaitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tano kasoro dakika ishirini. Akatazama benchi, kisha akaenda mpaka chumba cha pili.

"Maktaba, fundi yuko wapi?"

"Yuko dirishani, Sista."

"Umemwona sasa hivi?"

Binti aliinua kichwa, akatazama koridoni. Benchi lilikuwa tupu.

Walipekua vyoo, chumba cha kulia na chini ya vitanda. Mlinzi wa lango aliapa kwamba hakuna aliyetoka isipokuwa toroli la shuka chafu na watu wake wawili. Bi Hodi akamuuliza ni tangu lini toroli lile linasukumwa na watu wawili. Mlinzi akasema alidhani yule wa pili ni kibarua mpya, maana alimsalimia vizuri. Wagonjwa huvaa nguo zao wenyewe, na fundi alikuwa amemsaidia mfuaji mzigo kama mtu yeyote muungwana. Jengo la kufulia liko nje ya lango, kando ya barabara kuu.

Walimkuta ukingoni mwa lami, ndara zimegusa mstari mweupe. Malori yalikuwa yanapita. Bi Hodi, ambaye goti lake halijamruhusu kukimbia kwa miaka, alikuwa amekimbia. Zilipobaki hatua kumi akaacha, akatembea, akasimama naye bega kwa bega bila kumgusa. Akamuuliza anangoja nini.

"Nangoja lipite moja refu," fundi akasema.

Bi Hodi alimwambia goti limemkataa, hajui atarudije, kama anaweza ampe mkono. Haukuwa ujanja, goti lilikuwa limemkataa kweli. Fundi alifikiri kidogo, kisha akampa mkono, wakarudi polepole, Maktaba nyuma yao akilia bila sauti.

Ofisini mwenzake Maktaba, kijana mrefu mwenye mdomo, alitoa shauri. "Sista, karatasi mpya ni kazi ya dakika tano. Si mtu amerudi? Yaishe."

"Toka nje," Bi Hodi akamwambia. Alichukua kalamu nyekundu, akapiga mstari mmoja juu ya sahihi mbili zile, akaandika kando kwamba ziliandikwa kabla ya wakati. Kisha akaanza taarifa ya tukio, na jambo la kwanza aliloandika ni kwamba yeye, muuguzi mkuu, alimwacha mwanafunzi peke yake kinyume cha utaratibu. Barua yake ya onyo ilifika baada ya siku tatu.

Mkufunzi wa chuo alikuja kumbembeleza. Binti huyu ndiye wa kwanza darasani, alisema, na wasiwasi wake ni kwamba akirudishwa nyuma ataacha kabisa, kwa vile alishafunga mizigo yake. Bi Hodi alimsikiliza mpaka mwisho. Kwenye daftari, mbele ya kazi ya uangalizi, akaandika: bado. Arudi wiki mbili za likizo, akae na fundi yule yule. Asiporudi, basi.

Hakujua kama atarudi. Jumatatu ya likizo alifika zamu mapema kuliko siku zote, akajifanya anapanga mafaili. Maktaba aliingia saa moja na nusu, akachukua karatasi.

Kwa wiki mbili aliinuka kila robo saa, akamtafuta fundi alipo, akarudi, akaandika. Fundi akaanza kumwita Askari. Siku moja alimpigia kelele toka nyuma ya pazia, "Nipo, Askari, andika tu," naye alikwenda akafunua pazia, akamtazama, wote wawili wakacheka. Siku ya mwisho ya wiki hizo kaka yake fundi alikuwa ameshaitwa kuzungumza na daktari juu ya kurudi nyumbani.

Jioni Bi Hodi alifungua daftari, akafuta "bado", akatia sahihi na tarehe, akamkabidhi. Maktaba alilipokea kwa mikono miwili lakini hakuinuka.

"Sista," akasema, "wewe umewahi kujaza kabla ya wakati?"

Bi Hodi alifunga kalamu yake.

"Mwaka wangu wa kwanza hapa, karibu kila zamu," akasema. "Hakuna aliyetoka. Kwa hiyo nikadhani kazi naijua."