Ngoma ya Mahakimu, Vårby gård

Juzi nilikwenda Vårby gård, kitongoji cha Stockholm, kumjulia hali mama. Nilipopita chini ya ghorofa yake nikasikia filimbi na ngoma. Walikuwa watoto tu, wanajifunza muziki, lakini nilisimama nikasikiliza. Ndugu yangu, nilirudi miaka ya sabini palepale, msichana mdogo uani kwetu.

Katika nyumba iliyotazamana na yetu alikaa fundi wa kuchomelea vyuma, Mkechua, mtu wa kabila la milima ya Bolivia, aliyewakimbia wanajeshi waliotawala kwao pamoja na mkewe. Jumapili mkewe alituletea supu ya karanga, na mama, mtu wa Tanga, aliapa kuwa hawa ni ndugu zetu waliopotea. Fundi alitufundisha ngoma ya kwao sisi watoto wa uani, wengine wakiwa wa wakimbizi wenzake. Mchezaji huvaa koti jeusi kuukuu, kofia ndefu na kinyago cha pua ndefu, akamwigiza hakimu mla rushwa. Kwao huchezwa sikukuu ya kijiji, hakimu mwenyewe amekaa mbele. "Siku hiyo hana budi kucheka," alituambia. Vinyago tulivitengeneza kwa magazeti na uji wa ngano, ukumbi wa ngazi ukanuka uchachu wiki nzima.

Mama hakupenda. "Mzaha na wenye bunduki, mwanangu? Hata huku wana masikio."

Nikamjibu kwa Kiswidi kwamba huku ni Sweden.

Siku ya sherehe ya kiangazi, tulipoicheza uani, majirani wote walikuwa wanacheka isipokuwa mwanamume mmoja mwenye suti ya kijivu, ambaye hakuna aliyemjua. Yeye alikuwa anapiga picha. Mimi nilikuwa mshtakiwa, nimefungwa kamba, na fundi, aliyekuwa hakimu, ndiye aliyeishika. Nikahisi kamba inalegea; alikuwa ameiachia. Ghafla akafanya jambo ambalo hatukulifanyia mazoezi. Alivua kinyago, akamwendea yule mtu, akainama mbele yake kama mtu aliye kizimbani. Watu wakazidi kucheka. Yule mtu akampiga picha ya uso, akaondoka polepole kuelekea kituo cha treni. Dirishani, mke wa fundi alikuwa amejiziba mdomo.

Majani yalipoanza kuanguka, simu yao ililia. Tulisikia kilio tukiwa mezani. Kule Bolivia askari walikuwa wamemchukua baba yake fundi shambani kwake, mkononi wana picha ya mwanawe, ile iliyopigwa uani. Kabla ya theluji, fundi na mkewe walihama bila kuaga.

Juzi, tukinywa chai, nikamuuliza mama kwa nini fundi alivua kinyago siku ile.

"Mkewe aliniambia," mama akasema. "Yule mtu alikuwa anawapiga picha ninyi watoto mmoja mmoja, anauliza huyu wa nani, yule wa nani. Fundi akaona bora ampe uso wake, ili yule mtu awaache ninyi aondoke."

Baba yake fundi hakuonekana tena, wala ngoma ile haikuchezwa tena uani petu. Sisi watoto tulikua, wote.