Tairi pana za mtumba kwenye Altezza yangu, na mikungu ya mama mkwe

Wakuu, heshima kwenu.

Huu uzi nimeuandika na kuufuta mara nyingi. Leo nauacha hivi hivi. Kila nitakachosema kimenitokea mimi, na sehemu inayoniaibisha sijaificha.

Naishi Bulyaga, hapa Tukuyu. Nina Altezza ya gia za mkono ambayo nimeijenga kidogo kidogo: springi fupi, egzosi, injini imeguswa.

Ikabaki tairi. Nyuma ilikuwa na za upana wa 205, mimi nikataka ikae chini, ipanuke, ukipita mtu ageuke.

Nilikuwa na njia mbili. Kununua 205 mpya, nzuri kwa mvua zetu hizi. Au kwenda Mbeya kutafuta 245 za mtumba pamoja na rimu zake pana, kwa hela ileile.

Wenzangu mnaojenga magari mnajua nilichagua ipi.

Na nilizikagua kweli. Meno yalikuwa bado marefu, na zile namba nne za ubavuni zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa zilikuwa zinaridhisha. Tairi hazikuwa na kosa, naomba hilo lieleweke.

Fundi wangu Ambakisye ndiye aliyezifunga. Alipomaliza akapitisha vidole kati ya tairi na fenda, lile bati linaloifunika kwa juu. Viwili vikapita kwa shida.

"Kaka, tuiwekee mzigo kwanza tuone," akasema. "Ita watu wakae nyuma."

"Hii sio Noah, Amba. Nyuma hapakai mtu."

Ni mtu mpole, hakubishana.

Sasa kwa msio wa huku, niwaeleze kitu. Rungwe huendi ukweni ukarudi buti tupu. Haipo hiyo. Wakati unaaga, mtu ameshaingia migombani na panga. Ukikataa, umemwambia mwenye nyumba kwamba chake hukitaki. Mimi nimezaliwa hapa, hilo nalijua tangu natambaa, na bado nilipima tairi gari ikiwa tupu.

Jumapili moja nikaenda na mke wangu Tumpe kumsalimia mama yake, huko Kyimo. Mama mkwe ni mjane, analima ndizi na maharage. Tulipoaga akatupakilia mikungu mitatu, gunia la viazi na ndoo ya maparachichi.

Gari ikashuka nyuma. Nilisimama nikaiangalia, nikasema moyoni leo imekaa. Ndiyo wakuu, nilifurahi.

Mvua ilikuwa inanyesha. Kila tuta tulilopita nilisikia nyuma inakwaruza.

"Baba Lusajo, kuna mpira unaungua," Tumpe akasema.

"Ni breki hizo."

Nilijua sio breki. Sikutaka kusimama kwenye mvua na kukubali kwamba Ambakisye alikuwa sahihi.

Kwenye mteremko tairi ya nyuma kushoto ikapasuka. Ukingo wa fenda ulikuwa umeikata ubavuni, tuta baada ya tuta. Gari ikazunguka, ikaingia mtaroni kwa upande wa Tumpe.

Mimi nilitoka na michubuko. Yeye alivunjika kiwiko cha kushoto.

Mke wangu ni fundi cherehani, na huo ndio mkono unaoongoza kitambaa. Mfupa umeunga, lakini kiwiko hakinyooki. Magauni ya harusi hashoni tena. Siku hizi anapunguza suruali na kushona mapazia.

Hospitalini ndugu wakauliza imekuwaje. Nikasema, "Mzigo ulizidi."

Mama mkwe alikuwa amekaa benchi hiyohiyo. Akasema taratibu, kwa Kiswahili chake cha Kinyakyusa, "Kumbe ni ndisi sangu."

Sikumsahihisha.

Kuanzia hapo tukienda Kyimo anatupikia, anatuombea, anatusindikiza mpaka barabarani. Tunaondoka mikono mitupu. Mara ya kwanza nilidhani amesahau. Mara ya tatu nikaona mikungu inaivia shambani, ndege wanakula, na yeye haitazami.

Tumpe ndiye aliyesema. Alikuwa anahangaika kutunga uzi kwenye sindano.

"Mama anadhani amenivunja yeye. Nenda ukamwambie."

Jumapili iliyopita nikaenda. Ile tairi nilikuwa sijaitupa. Nikaiweka uani mbele yake, nikamwonyesha mkato uliozunguka ubavu mzima. Nikamweleza springi fupi, vidole viwili, harufu niliyoiita breki.

"Mama, gari ya kawaida ingebeba ndizi zako na nafasi ingebaki. Kosa ni langu, na nikakuacha ulibebe wewe."

Akapitisha kidole kwenye ule mkato, polepole, mpaka mwisho wake.

"Ulijua siku ileile?"

"Nilijua, mama."

Hapo nililia, na sioni haya kuandika hapa.

Kisha akainuka, akachukua panga, akaingia migombani.

Wakuu, sasa hivi nyuma nina 205 mpya na springi nimerudisha za kiwandani. Simkatazi mtu tairi pana, hata za mtumba zipo nzuri ukitulia kuchagua. Ila siku ya kuzipima jaza watu, jaza ule mzigo unaoubeba kweli kwenye maisha yako, pita kwenye matuta, halafu shuka uchungulie fenda. Ukisikia harufu, simama. Na kosa likikutokea, sema ulichofanya siku hiyohiyo, kwa sababu kuna mtu atalibeba kwa niaba yako.

Wenye Altezza na Mark II za chini, mlipimaje za kwenu? Mwenye la kunigombeza naye aseme, nitasoma yote.

Nimeweka picha mbili hapo chini. Ya kwanza ni ile tairi.

Ya pili ni buti ya gari yangu Jumapili iliyopita. Ni mkungu mmoja, mdogo. Alisema tuanze na huo.