Salamu ya Mervyn Purdy

Goretti Mulgrew alikuwa mpishi wa shule ya msingi ya Derrylaw, kule Tyrone, kaskazini mwa Ireland. Miaka nenda rudi aliponda viazi vya watoto wa watu, akawagombeza wanaoficha karoti mfukoni, akarudi nyumbani mikono inanuka kabichi. Mtu wa kanisa, mtu wa bingo. Mdomo alikuwa nao, tena mkali. Ila kuna kitu kimoja alikimeza, kikakataa kushuka.

Barabara yao nyembamba, ua wa miti huku na huku, magari mawili yakikutana lazima moja lipande majani. Na hupishani na mtu bila kumsalimia. Unainua kidole kimoja juu ya usukani, yamekwisha. Mkatoliki, Mprotestanti, mnachukiana mpaka basi, lakini kidole kinainuka. Kinainuka chenyewe, wala hufikirii.

Mervyn Purdy alikuwa na salamu yake. Mchana aliuza chakula cha ng'ombe pale njia panda, jioni anavaa magwanda, askari wa akiba wa serikali. Yeye aliinua vidole viwili, anavishusha, anaviinua tena, kama mtu anayebisha hodi. Watoto wa shule walikuwa wanamwigiza.

Asubuhi moja ya Februari, mwaka themanini na tisa, Goretti anaendesha kwenda kazini. Kizuizi cha jeshi pale darajani, kile kilichokuwepo kila siku ya Mungu, hakipo. Akafurahi. Hebu fikiria, alifurahi kwamba leo hachelewi. Mbele kidogo likaja gari jekundu asilolijua, watu watatu ndani, kofia zimeshushwa, skafu mpaka puani. Kidole chake kikainuka. Na dereva wa lile gari, mazoea ni kitu kibaya, akainua viwili. Akavishusha. Akaviinua tena.

Hajafika shuleni akasikia risasi. Malachy Toner, kijana fundi wa matrekta, walimkuta amelala chini ya trekta la mtu, miguu iko nje. Hata kutoka hakuwahi. Jioni wanamgambo wa Kiprotestanti wakapiga simu redioni kujisifu kwamba ni wao, na polisi wakasema hawana pa kuanzia. Hawana pa kuanzia, wakati kizuizi cha wenzao wa jeshi kiliondoka kikampisha muuaji.

Wiki ileile Goretti akapishana na Purdy, safari hii yuko kwenye lori lake la kazi. Jamaa akapunguza mwendo, akamtazama machoni, akainua kidole kimoja. Kimoja tu, kama watu wote.

Alielewa palepale. Mtu haamki tu akabadilisha salamu ya maisha yake. Purdy amejua alipokosea, na amejua nani alimwona. Goretti akafika nyumbani akatapika kwenye sinki.

"Umekula nini?" mumewe, Fintan, akamuuliza.

"Sijala kitu. Kaa chini."

Akamwambia yote. Fintan akainuka akafunga pazia, na nje jua linawaka.

"Twende polisi?" akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba aambiwe hapana.

"Polisi gani, Fintan? Wale wanaokunywa naye chai?"

Basi wakanyamaza. Miaka kumi na mbili. Kila akipishana na lile lori, kidole kimoja. Alijaribu kupita njia ya ziwani, akaona huko ni mbaya zaidi, hakuna hata nyumba. Gari lolote likisimama nje, anazima redio asikilize. Mlango wa nyuma Fintan aliuwekea chuma, akasema ni kwa ajili ya upepo.

Na Jumapili ndiyo ilikuwa adhabu yenyewe. Attracta Toner, mama yake Malachy, anakaa benchi la mbele yao. Padri akisema mpeane amani, mama wa watu anageuka, anampa Goretti mkono. Mkono mkavu, mwepesi. Goretti anaupokea, anatazama sakafu.

Huyo Attracta hakukaa kimya hata siku moja. Alisimama nje ya kituo cha polisi na picha ya mwanawe, mvua inampiga, askari wanamcheka. Mpaka serikali ikachoka naye, ikakubali uchunguzi huru, jaji kutoka nje ya nchi na wapelelezi wake. Mmoja wao, kijana mpole mwenye viatu vya mjini, akaja kubisha kwa Mulgrew kama alivyobisha kila nyumba ya barabara ile.

Goretti alitaka kusema hajui kitu. Mdomo ukasema vingine.

"Nikisema, mtanificha vipi?"

"Utakaa nyuma ya pazia, mama. Jina lako halitajwi. Utaitwa Shahidi K."

"Na sauti?"

"Sauti itasikika."

"We kijana, hapa kwetu watu wanajuana kwa kikohozi."

Fintan akacheka kidogo. Hakuna aliyemsaidia kucheka.

"Hulazimishwi," kijana akasema.

"Najua silazimishwi. Ndiyo maana naogopa."

Siku yenyewe, ukumbi wa mji ulijaa mpaka ngazini. Goretti nyuma ya pazia, koti hajavua. Akaeleza daraja, akaeleza gari jekundu, akaeleza vidole. Sauti ilikuwa inakatika, jaji akamwambia anywe maji, maji yakamwagikia kifuani. Kisha akaulizwa, ni nani anayesalimia hivyo?

Wakili wa serikali akasimama haraka, utafikiri kiti kimemchoma. Jina hilo lisitajwe. Ni suala la usalama wa taifa. Aitwe Mtu D.

Kwanza Goretti hakushtuka. Kisha ikamwingia. Hawa wanamjua, wanamlinda. Hajamtaja, na tayari wana herufi yake. Kumbe wa kuogopa si Purdy peke yake.

"Nimekubaliana na wakili," jaji akasema, bila furaha. "Shahidi, usitaje jina."

Angeweza kuishia hapo. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi kwa ajili yake.

"Sitaji jina, mheshimiwa," Goretti akasema. "Huyo Mtu D ndiye anayetuuzia chakula cha ng'ombe pale njia panda."

Wakili akabaki amesimama, mdomo wazi.

Walipomaliza, Goretti alikuwa bado kitini. Attracta akalipita pazia bila kuomba ruhusa, akasimama mbele yake.

"Umelijua hili siku zote hizo?"

"Siku zote."

Attracta hakumwambia amemsamehe. "Mnarudi na njia gani?"

"Toka huku mjini ni moja tu. Inapita dukani kwake."

"Basi napanda na nyie. Nakaa mbele."

"Mama Malachy, usifanye hivyo."

"Mbele, nimesema. Wanione vizuri."

Nje, Fintan aliwaambia wasisogee. Akapiga magoti kwenye maji ya mvua, watu wote wanatazama, akaingiza kichwa chini ya gari kutafuta bomu. Alikaa huko sana. Goretti alimshika Attracta mkono akaubana. Fintan akainuka, suruali imelowa.

"Pandeni," akasema.