Maikrofoni ya Uwanjani

Wezi waliporuka ukuta wetu kule mtaani Kaloleni, Voi, walichukua pampu ya maji, mtungi wa gesi na nguo zote zilizokuwa kambani. Mimi na mume wangu tulikuwa dukani. Mama mkwe wangu alikuwa chumbani amelala, na hawakumgusa, lakini tangu siku hiyo mume wangu hakutulia. Alikuwa fundi wa redio na televisheni pale Voi mjini, nami nilikaa kaunta. Mara nyingi nilimwona ameshika bisibisi tu, hafanyi kitu, mawazo yako nyumbani.

Kilichotutia hofu ni kwamba mama hakuweza kupiga kelele. Mwaka uliotangulia alipatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ulilegea, mguu ukarudi polepole kwa msaada wa bakora, ila maneno hayakurudi. Na huyu alikuwa mwanamke wa Pwani, mtu wa mazungumzo. Nilipoolewa kutoka Bura, Kiswahili changu kikiwa cha shuleni na Kidawida, lugha ya kwetu Taita, kimejaa ndani yake, yeye ndiye aliyenikalisha jikoni akanizoesha kusema bila woga. Sasa tukimsalimu anatikisa kichwa na kugeuza uso. Daktari alisema tusubiri. Tulisubiri hadi tukazoea kimya chake, na hilo la kuzoea ndilo lililoniuma zaidi.

Shemeji yangu, aliyekuwa akifanya kazi Dubai, alikuja likizo na kamera ndogo ya ulinzi, ya picha nyeusi na nyeupe. Mume wangu akaifunga juu ya ukuta ikitazama uwanja na lango, akavuta waya hadi kwenye deki ya video sebuleni. Kanda ilishika saa za asubuhi tu, lakini ilitosha kututuliza. Jioni tulikuwa tukiipeleka mbio na kutazama kuku na vivuli.

Siku moja tukaona wanaume wawili wamesimama langoni. Mama alikuwa mbele yao na bakora yake. Mmoja alizungumza kwa muda, akaonyesha paa letu, kisha akaonyesha tangi la maji. Midomo ilicheza, sauti hakuna.

"Mama, hawa walitaka nini?" mume wangu akamuuliza.

Mama akafungua mdomo, akaufunga. Machozi yakamtoka.

Mume wangu alizima televisheni. "Deki ina tundu la sauti," akaniambia baadaye jikoni. "Nitaweka maikrofoni. Tukiona mtu, tusikie pia anasema nini."

Alitoa maikrofoni kwenye redio kaseti mbovu, akaiunganisha na kikuza sauti kidogo alichokiunda mwenyewe, akaining'iniza chini ya upenu na kuifunika plastiki isiingie maji. Mama alikuwa amekaa pale pale akitazama. Tulimwambia ni ya kusikia wageni wa langoni, akaitikia kwa kichwa. Mara ya kwanza tulinasa mngurumo wa stima tu, maana waya ulipita karibu na waya wa taa. Mume wangu akauhamishia ukuta wa pili. Hapo tukasikia jogoo wa jirani, treni ikipiga honi kuelekea stesheni, na upepo ukichezea mabati.

Jumapili baada ya chakula, mama akiwa amejipumzisha, tukaketi kusikiliza kanda ya siku iliyopita. Kwenye picha alikuwa peke yake uwanjani, amekaa kwenye kigoda karibu na bomba. Kisha tukasikia sauti nzito, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi.

"N… ndo. Ndoo." Kimya. "Ndoo. Ba… bakuli. Ba-ku-li."

Mume wangu alinishika mkono. Mama aliendelea, akigusa kitu kimoja kimoja kwa bakora na kukiita. Neno la kamba lilimshinda. Akalijaribu, akaliacha, akalirudia. Mwishoni akasoma Alhamdu, nayo ikatoka nzima, bila kukwama hata mahali pamoja. Mume wangu alitoka nje, akasimama nyuma ya nyumba hadi alipoweza kurudi.

Asubuhi yake sikwenda dukani. Nilikaa kando ya mama uwanjani, nikachambua mchele.

"Mama, ile maikrofoni imekusikia," nikamwambia. "Tumekusikia ukisema."

Uso wake ulibadilika. Alitazama upenu, akanitazama mimi.

"A… aibu," akasema.

Ndilo neno la kwanza aliloniambia tangu augue.

"Aibu ya nini? Mimi nilipokuja hapa nilishindwa hata kuomba chumvi. Ulinicheka?"

Akauvuta ungo wa mchele magotini pake, akaugonga kwa kidole. "U-ngo," akasema, akaningoja. Nami nikasema, "Ungo." Tukaendelea hivyo hadi jua lilipotufukuza. Kabla ya kuingia ndani aliniambia, kwa taabu kubwa, kwamba wale wanaume walikuwa wakiuza rangi ya mabati.

Aliomba pia maikrofoni iondolewe. "Toa," alimwambia mwanawe, akiinyooshea bakora, naye akapanda ngazi jioni hiyo hiyo huku akicheka. Kamera ikabaki.

Maneno yalirudi taratibu, mengine yamepinda. Mwanamke wa kijiji cha Marungu aliyekuwa akituletea maziwa alikuwa wa kwanza nje ya nyumba kusemeshwa, na alikemewa kwa kuchelewa. Kisha shemeji, aliyekwisha kurudi Dubai, alipopiga simu dukani, tulikuwa tumemleta mama makusudi. Nilimshikilia mkonga wa simu sikioni.

"Mwanangu," akasema. "Ume… umekula?"

Upande wa pili nikasikia mtu mzima akilia na kujaribu kujibu kwamba amekula, amekula wali, amekula vizuri.

Simu ilipokatika mama hakutaka kurudi nyumbani. Alikaa kwenye kiti changu kaunta, na mteja wa kwanza alipoingia, mama akamuuliza polepole redio yake ina shida gani.