Timu ya Bi Pegi

Ukumbi ule wa michezo wa mtaa wa Ladywood, Uingereza, ulinuka nta ya sakafu, mipira mipya na soksi mbichi. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Baba alitangulia kufa, mama akafuata, nami niliacha shule nikaajiriwa kukunja mashuka katika kiwanda kimoja kikubwa cha kufulia nguo, mtaa wa Tyseley. Mama mdogo, aliyekuwa mlezi wetu, alitunza wazee kwa zamu, na alipoona naimudu nyumba aliniachia. Jioni nilimsindikiza mdogo wangu Wanjiru mazoezini, nikakaa kwenye benchi kupumzisha miguu.

Kocha alikuwa Bi Pegi, Mmarekani mzee mwenye magoti mabovu. Ujanani alichezea mojawapo ya timu za mwanzo za wanawake waliolipwa kucheza mpira wa kikapu. Walibanana kwenye gari moja, mji hadi mji, wakicheza na wanaume kwa sheria za wanaume. Ilibidi wapake rangi ya midomo kabla ya kuingia uwanjani. Tena walikuwa na desturi yao: wakishaongoza vya kutosha, kocha aligusa sikio, nao wakaacha kufunga wakaanza vituko, wakirusha mpira wakiwa wamepiga magoti au wakiupitisha mgongoni, hadi wenyeji wawakaribie kwa pointi.

"Ukiwaaibisha wanaume wa mji hawakualiki tena," alituambia. "Na usipoalikwa, huli."

Kiangazi kile alikuwa akiunda timu ya namna hiyo, izunguke Uingereza. Ilibaki nafasi moja yenye mshahara. Wanjiru, miaka kumi na sita, hakutaka kitu kingine duniani.

Mechi ya kuchagua ilikuwa dhidi ya wanaume wetu wenyewe, Wakenya na Wakongo waliocheza pamoja kila Jumapili baada ya kanisa. Wake zao walileta sambusa.

"Wewe msichana, chapati zinaungua nyumbani!" alipiga kelele Onyango, fundi wa magari.

Wanjiru, aliyezoea kunijibu kwa Kiingereza, alimgeukia. "Zikiungua utakula wewe, anko."

"Eh, papa, amekuweza!" akadakia Mkongo mmoja, na ukumbi mzima ukacheka.

Baada ya mapumziko wanawake walikuwa mbele kwa mbali. Bi Pegi akagusa sikio. Wenzake Wanjiru wakaanza vituko, watu wakashika mbavu. Wanjiru alimtazama kocha, akapokea mpira, akafunga. Akafunga tena. Bi Pegi akalivuta sikio lake. Wanjiru akampokonya Onyango mpira, akafunga. Vicheko vilikoma. Wanaume waliondoka bila kupeana mikono, sambusa zikabaki kwenye sinia.

"Huyu anacheza kuliko nilivyocheza mimi," Bi Pegi aliniambia. "Lakini siwezi kusafiri naye."

Nafasi alipewa mwingine. Ndani ya basi nilimuuliza Wanjiru kwa nini hakutii.

"Dada, nilikuwa naweza kufunga," alisema, kwa Kiswahili.

Asubuhi nilikwenda kukunja mashuka, naye shule.

Timu ya Bi Pegi ilizunguka kiangazi hicho kimoja tu. Siku hizi wapo wanawake wanaolipwa kucheza, na watu hununua tiketi kuona nani atashinda. Majuzi nilikwenda kutazama mechi na Wanjiru, ambaye sasa ni dereva wa basi. Timu moja iliongoza kwa pointi thelathini, ikazidi kufunga. Nilidhani atashangilia. Alikaa mikono mapajani hadi kipenga cha mwisho, na watu walipoanza kutoka hakunyanyuka.

"Dada," alisema, "hakuna aliyewaambia waache."